YAH: Malalamiko kuhusu meza za chakula mlizosema mmetubukia Disney, Orlando

Dar es Salaam
6 Januari 2025

Kwa Mkurugenzi Mtendaji wa kampuni ya safari,

Ndugu Mkurugenzi,

Nakusalimu kwa heshima, na heshima hiyo naomba uipokee mapema, maana sina hakika kama itafika mwisho wa barua hii.

Masharti yenu mmeyaandika wenyewe, sitayarudia. Ada ya shilingi 950,000 niliyolipa kwa ajili ya mipango ya chakula peke yake, nje ya tiketi na hoteli, mnaijua na risiti mnayo. Naanza na Jumamosi, tarehe 14 Desemba 2024.

Saa sita na dakika arobaini mchana kwa saa za Florida tulikuwa mlangoni mwa mgahawa ulio ndani ya kasri la Cinderella, pale bustani ya Magic Kingdom. Tulikuwa watu sita: mimi, mume wangu, wanangu watatu, na mama yangu mzazi mwenye miaka 74 na ugonjwa wa sukari, kwenye kiti cha magurudumu tulichokodi getini. Binti yangu wa mwisho alikuwa anatimiza miaka sita siku hiyo hiyo. Alivaa gauni la buluu na ile beji ya siku ya kuzaliwa wanayowagawia watu bure. Kijana wa mlangoni akalitafuta jina langu, halipo. Akatafuta la mume wangu, halipo. Nikamwonyesha ile PDF yenu ya “Ratiba ya Chakula” yenye nembo na maua pembeni. Akaisoma, akaniambia kwa upole kwamba nambari zao za uthibitisho haziko hivyo. Nikapiga simu yenu ya dharura, ile mnayoitangaza kuwa ya saa 24. Ilipokelewa mara ya nne. Nilipomaliza kueleza, ofisa wenu akaniuliza: “Kwani bibi huko Pangani alikuwa anakula kasrini?” Na nyuma yake watu wakacheka.

Hapo nitarudi. Kwanza niseme jinsi tulivyofikishwa pale.

Mlijua tangu Agosti kwamba tunaingia tarehe 12 Desemba na kutoka tarehe 17. Mlijua, kwa sababu ninyi ndio mliotuuzia hoteli ya Disney yenyewe kwa hoja kwamba mgeni wa hoteli hizo anafunguliwa kubuku meza siku 60 kabla ya kufika, na siku hiyo hiyo anaweza kubuku za siku zake zote za kukaa, hadi siku kumi. Hoja hiyo ndiyo iliyonifanya nikubali bei ile. Siku 60 kabla ya tarehe 12 Desemba ni tarehe 13 Oktoba. Nafasi zinafunguliwa mtandaoni saa kumi na mbili asubuhi ya kule, ambayo mwezi wa Oktoba ni saa saba mchana hapa Dar. Saa saba mchana, Ndugu Mkurugenzi! Hakuna aliyeambiwa aweke kengele ya usiku wa manane. Mtu angeweza kubuku huku akisubiri wali wake uive.

Nilipowauliza baadaye kwa WhatsApp mkanijibu kwamba tarehe 13 ilikuwa Jumapili na kesho yake ilikuwa Siku ya Nyerere, kwa hiyo ofisi ilifunguliwa Jumanne tarehe 15. Sawa, Mwalimu apewe heshima yake. Lakini meza za ndani ya kasri haziwasubiri watu warudi kutoka mapumzikoni, na ninyi mlijua hivyo kwa sababu mlinihutubia hivyo mwezi Agosti, mkiwa mnataka pesa. Mngesema tarehe 15 kwamba tumechelewa, dada, kasri limejaa, ningeudhika na kisha ningepanga kingine. Badala yake tarehe 15 hiyo hiyo mkanitumia barua pepe: “Meza zote zimethibitishwa.” Pamoja na PDF.

Sasa hizo nambari za uthibitisho. Mume wangu, ambaye kazi yake ni hesabu, alizitazama usiku wa tarehe 14 tukiwa hotelini, akanyamaza, akaomba aone risiti. Nambari nne zilizoandikwa mbele ya migahawa minne ni nambari ya risiti yenu, ile ile, mmeongeza A, B, C na D mwishoni. Nimeambatanisha zote mbili. Nilitafuta neno la adabu la kuuita mchezo huu, sikulipata.

Na msiseme mlikuwa hamjui tatizo. Tarehe 13 Desemba, Ijumaa, tulikuwa EPCOT, bustani nyingine ya Disney, kwenye mgahawa wa Akershus katika banda la Norway, ratiba yenu nambari A. Jina halikuwepo. Nikawaandikia palepale. Jibu lenu ninalo kwenye skrini-shoti: “Ni mtandao tu, dada, ya kesho kasrini ipo, tumehakikisha.” Kwa neno hilo “tumehakikisha” ndipo nikamvalisha mtoto gauni asubuhi ya tarehe 14. Kwa neno hilo hilo mama yangu alijidunga sindano.

Hili sikulisema pale juu, nalisema sasa. Mama anatumia insulini ya kabla ya chakula. Fomu yenu ina kisanduku cha magonjwa na tulikijaza, kama tulivyojaza kwamba anakula halali tu na kwamba mwanangu wa kati hagusi karanga. Ratiba ilisema saa sita na dakika arobaini na tano. Saa sita na nusu, tukiwa tunalikaribia kasri, mama akajidunga, kwa sababu ni mtu wa utaratibu na kwa sababu karatasi yenu ilimwambia chakula ki karibu. Kwa hiyo niliposimama pale mlangoni nikipiga simu yenu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, sikuwa mama mtalii aliyenyimwa picha na binti wa kifalme. Nilikuwa nahesabu dakika. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka na kipaji cha uso kimelowa jasho, na jua la Desemba la Florida halikuwa kali kiasi hicho.

Simu ikapokelewa. Muziki ulikuwa mkubwa mbele ya kasri, sikusikia vizuri, nikaweka spika. Spika niliiweka mimi, na kwa hilo najilaumu hadi leo. Nikasema jina, nikasema tuko mlangoni, nikasema mama ana sukari na ameshadunga sindano. Hapo ofisa wenu alishajua hali. Alishajua! Akavuta pumzi kama mtu aliyekatizwa mazungumzo matamu, akasema, “Sasa dada, si mnunue hata burger tu.” Nikamwambia mama anakula halali, limeandikwa kwenye fomu. Ndipo akasema, tena polepole, kama anamwambia mwenzake aliye pembeni: “Kwani bibi huko Pangani alikuwa anakula kasrini?” Kicheko nilichokisikia si cha mtu mmoja. Walikuwa watatu au wanne. Na mama yangu, ambaye amelea watoto saba na hajawahi kumcheka mtu kwa alikotoka, alikuwa amekaa hatua moja kutoka kwenye ile simu. Alisikia kila neno. Akanishika mkono na mkono wake uliolowa, akasema, “Kata simu, mwanangu.”

Binti yangu akauliza kama bibi ndiye amekosea jina.

Aliyetuokoa ni yule kijana wa mlangoni, ambaye hakuwahi kupokea hata senti yangu ya “mipango ya chakula”. Aliona kabla sijamwomba. Akaleta glasi ya juisi ya tufaha, akampa mama, akapiga magoti mbele ya kiti chake mpaka alipoona kutetemeka kumepungua. Mgahawa umejaa, hilo hakuweza kulibadilisha. Sina neno baya kwa watu wa kule, na msijaribu kuwasukumia kosa kama mlivyoanza kufanya kwenye ujumbe wenu wa tarehe 19.

Kuna jambo jingine ambalo lingekuwa kichekesho kama si pesa yangu. Tarehe 16 usiku benki ilinitumia ujumbe: dola 60 zimekatwa kwenye kadi yangu. Nikateremka mapokezi kuuliza. Kumbe ile tarehe 15 Oktoba mlibuku meza moja, moja tu ya kweli katika safari nzima: kifungua kinywa katika mgahawa wa Tusker House, asubuhi ya tarehe 16. Haimo kwenye PDF. Hamkutuambia. Na Tusker House iko ndani ya Animal Kingdom, wakati ratiba yenu siku hiyo ilitupeleka Hollywood Studios, kwa tiketi mlizotuuzia za bustani moja kwa siku, bila ruhusa ya kuhama. Hata tungeambiwa, tungeingiaje? Tungekula mayai pale na siku ya Hollywood Studios iishe hapo hapo? Asiyetokea bila kufuta anatozwa dola 10 kwa kila kichwa, na sisi ni vichwa sita. Yaani meza nne za uongo hazikunigharimu kitu zaidi ya aibu, na meza moja ya kweli ikanilipisha faini.

Jioni ya tarehe 15 ratiba ilisema mgahawa wa Boma, kwenye hoteli ya Animal Kingdom Lodge. Mama alikuwa ameisubiri hiyo kuliko kasri. Mchana wake tulizunguka Harambe, kile kijiji cha kubuni ndani ya Animal Kingdom walichokijenga kwa sura ya miji yetu ya pwani, na kwa mara ya kwanza tangu mlangoni mwa kasri mama alicheka. Alisoma kila kibao cha Kiswahili kwa sauti, akauliza kama meli ya Lamu inaondokea wapi. Akasema jioni ataenda kuwaonja hao wanaoita mgahawa wao Boma, aone kama pilau wanaijua. Nilikuwa tayari nimepiga simu hotelini asubuhi na nilishajua jina letu halipo. Nilitembea naye mchana kutwa nikiwa na jibu hilo mfukoni. Jaribuni ninyi.

Lakini sikilizeni nilichofanya, mimi ambaye sijasomea utalii. Asubuhi hiyo nilifungua programu ya Disney kwenye simu, ile ambayo mlikataa kuiunganisha na akaunti yangu mkisema “tusichanganye mambo”. Watu hufuta meza zao hadi saa mbili kabla bila kutozwa, na zikifutwa zinarudi. Nikakaa naichungulia simu kwenye foleni ya basi, chooni, kila mahali. Dakika ishirini hazikupita nikapata meza ya watu sita mgahawa wa Sanaa, jengo la Kidani Village la hoteli hiyo hiyo ya Animal Kingdom Lodge, saa kumi na moja jioni. Nikaandika mahitaji ya chakula mwenyewe. Tukakaa dirishani, twiga wanapita nje, mpishi akaja mezani kuzungumza na mama kuhusu anachoweza kula na asichoweza. Mama aliuliza nani amewaambia neno kidani, nikamwambia nao wana kamusi. Dakika ishirini, Ndugu Mkurugenzi, bila ada. Ninyi mlikuwa na siku 60.

Nilipoanza kuandika barua hii nilikusudia kudai ile 950,000 tu. Sasa nimeiandika mpaka hapa, na hainitoshi.

Naidai 950,000 yote, bila makato ya “gharama za usimamizi”. Naidai na dola 60 za Tusker House. Naidai pia tofauti ya bei kati ya hoteli mliyotuuzia kwa hoja ya siku 60 na ile ya nje ya Disney niliyokuwa nimeichagua mwanzo. Bei zote mbili ziko kwenye barua pepe yenu ya Agosti, toeni wenyewe. Nataka maelezo ya maandishi, yenye sahihi yako wewe, si ya ofisa, kuhusu nani alizitengeneza zile nambari za A hadi D, na kama kuna familia nyingine iliyo njiani sasa hivi na karatasi kama yangu.

Nawapa siku 14, hadi Jumatatu tarehe 20 Januari. Pesa zikiwa hazijaingia, faili hili lenye PDF, risiti, skrini-shoti na taarifa ya benki litakwenda Tume ya Ushindani na kwa wanaotoa leseni yenu ya biashara ya utalii (TALA) siku hiyo hiyo. Nilikuwa niandike kwamba wakili nitamtafuta baadaye. Nimebadili mawazo, nakala ya barua hii anayo tayari, na ameniambia kumwandikia mteja nambari za uthibitisho zisizokuwepo si suala la huduma mbaya tu.

Vocha ya punguzo la asilimia 15 kwa “safari yetu ijayo” mliyonitumia tarehe 19 nairudisha pamoja na barua hii.

Na huyo ofisa. Sidai afukuzwe, hayo ni yenu. Nadai ampigie mama yangu amwombe radhi. Yuko kwangu hadi mwisho wa mwezi, kisha anarudi Pangani, ambako hakuna kasri. Huwa yuko karibu na simu baada ya alasiri. Apige mwenyewe, akiwa peke yake chumbani, na asiweke spika.

Wenu,
Mteja wenu wa safari ya 12–17 Desemba 2024