Barua ya wazi kwa Waziri wa Kazi: tukishaanguka kifafa tunaomba turudi kazini

Mheshimiwa Waziri unayeshughulikia mambo ya kazi na ajira, shikamoo.

Naandika kuhusu wafanyakazi wanaoanguka kifafa. Mimi ni mmoja wao ila siandiki kwa ajili yangu peke yangu, maana tangu yanikute nimeongea na wengi, kaka aliyekuwa anaendesha foklifti bandarini, dada wa saluni, fundi wa kuchomelea, mwalimu wa shule ya binafsi, na wote wanasema kitu kimoja. Kuanguka kwenyewe tumeshakuzoea, kinachotumaliza ni kurudi. Sheria zetu zinajua kumlipa mfanyakazi akiwa amelala kitandani lakini yule ambaye ameshaamka anataka kuingia getini hakuna anayemshughulikia, na kifafa Mheshimiwa ndo ugonjwa wenyewe wa kuamka, mtu anaanguka dakika mbili tatu, analala masaa kadhaa, kesho au keshokutwa yake yuko fiti, kibarua ndo kimeshaota nyasi.

Mimi ni fundi cherehani kiwandani hapa Dar, laini ya kushona. Kifafa ninacho tangu nikiwa sekondari na natumia dawa yake inayoitwa kabamazepini, nilishakaa muda mrefu sana bila kuanguka mpaka mwenyewe nikawa nasahau kama ni mgonjwa. Ikaja oda kubwa, tukawa tunaunganisha shifti, usiku na mchana, usingizi hamna, na daktari yeyote atakuambia kukosa usingizi ni moja ya vitu vinavyoamsha kifafa haraka hata kama dawa unameza vizuri. Nikaanguka katikati ya mashine.

Nilipozinduka ulimi umeng'atwa unavuja damu, nguo zimelowa, kuna mtu kanimwagia maji, mwingine kashika kitunguu alichokuwa ananinusisha, na pembeni kuna kijiko cha kantini ambacho walikuwa wanajaribu kuniingiza mdomoni ili nisijing'ate. Wengine wamesimama mbali wameziba pua kwasababu wanaamini mate au ushuzi wa mtu aliyeanguka unaambukiza. Aliyenisogelea ni mama mmoja wa usafi, alinilaza ubavu, akanifunika na khanga yake kwasababu ya zile nguo, akawa ananiambia taratibu, "Mwanangu uko kazini, umeanguka, imeshaisha, usiogope." Sikumjibu maana kipindi kile hata jina langu sikuwa nalikumbuka. Ila Mheshimiwa, nakuomba uelewe kwamba yule mama hakusomea popote na alichofanya ndicho hasa kinachotakiwa, kumlaza mtu ubavu, kuondoa vitu vya kumuumiza, kutomkandamiza, kutoingiza kitu chochote mdomoni, kukaa naye mpaka arudi kwenye akili zake, na ikizidi dakika tano ndo mkimbize hospitali. Ni mambo ya kufundishwa nusu saa tu. Kiwanda chetu kina watu mamia, kina vifaa vya kuzima moto kila kona na mabango ya usalama mpaka chooni lakini hicho hakuna anayekijua.

Nikapumzika, nikaenda kliniki, daktari akaongeza dozi akaniandikia karatasi kwamba naweza kuendelea na kazi yangu ila nisipangwe shifti ya usiku. Nikaipeleka ile karatasi kazini. Afisa rasilimali watu akaisoma, akaikunja, akaniambia kwa upole kabisa, "Dada nenda kapumzike kwanza, tutakupigia."

Hawakupiga. Na hilo neno tutakupigia ndo nimekuja kugundua karibu wote tumeambiwa, foklifti, saluni, mwalimu, wote. Hakuna anayeambiwa umefukuzwa kazi sababu ya kifafa kwasababu waajiri wanajua sheria hairuhusu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iko wazi kwamba ulemavu sio sababu halali ya kumwachisha mtu kazi na inakataza ubaguzi, na kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri kabla ya kumwachisha mgonjwa aangalie ugonjwa wenyewe ukoje, ni wa muda au wa kudumu, na kama kuna namna ya kumrekebishia kazi au kumpa kazi nyingine. Ni maneno mazuri kweli. Ila yanaanza kufanya kazi pale unapoachishwa, sasa mtu aliyeambiwa akapumzike hajaachishwa, yuko nyumbani tu anaangalia simu. Ukitaka kwenda CMA, ile tume ya usuluhishi na uamuzi wa migogoro ya kazi, kulalamika kuachishwa kazi isivyo halali una siku 30 tu toka siku ulipoachishwa, siku 30 unaanza kuzihesabu lini kama barua hukupewa? Kuna watu wamekaa wakisubiri kwa heshima kabisa, wakienda wanaambiwa wamechelewa. Na kama ulikuwa hujafikisha miezi 6 kwa huyo mwajiri basi ile kinga ya kuachishwa isivyo halali haikuhusu kabisa, na viwandani huku wengi ni vibarua wa kuingia na kutoka.

Halafu kuna likizo ya ugonjwa. Kila mzunguko wa likizo wa miezi 36 sheria inampa mfanyakazi siku 126 za ugonjwa, 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Nashukuru sana kwa hilo, limewasaidia wenye magonjwa mengi. Lakini sisi hatuhitaji siku 126! Mtu wa kifafa anahitaji siku chache za mwili kurudi, misuli inauma yote, kichwa kizito, halafu anahitaji siku moja moja ya kliniki kuchukua dawa. Kinachotokea ni kwamba daktari anasema mtu ni mzima mwajiri anasema bado mgonjwa, anakatwa siku zake za likizo ya ugonjwa akiwa mzima, mshahara unashuka nusu, unakwisha, na akija kuumwa malaria kweli hana siku hata moja.

Na mtu akishakosa kazi anakosa bima. Akikosa bima dawa anaanza kununua mwenyewe, anaruka, leo anameza kesho hamezi ili zimfikishe mwisho wa mwezi, na dawa ya kifafa ukiiruka ndo unaanguka zaidi. Yani yule bosi aliyeogopa utaanguka kazini anakuwa amekusababishia kuanguka kweli, tofauti ni kwamba sasa unaangukia jikoni kwenye jiko la mkaa mbele ya watoto. Kuna mwenzetu ana kovu la moto mkono mzima, aliungua baada ya kusimamishwa, sio kabla. Shirika la Afya Duniani linasema wagonjwa wa kifafa wanaofika 70 katika 100 wanaweza kuishi bila kuanguka kabisa wakipimwa na kutibiwa vizuri, na fenobabito ni dawa ya bei ndogo ya miaka mingi.

Mimi mwenyewe nilirudi kwasababu chama cha wafanyakazi kiliingilia, mwenyekiti wa tawi alikuja na ile karatasi ya daktari mkononi akakaa ofisini kwa meneja hakutoka. Nikarudishwa lakini sio kwenye mashine yangu, nikawekwa meza ya ukaguzi kukata nyuzi na kuangalia mishono. Sikatai, siku zile za mwanzo dozi mpya ilikuwa inanichosha, kichwa kama kimejaa pamba, na ningeshika cherehani ya viwandani ningeweza kujitoboa vidole. Kwahiyo kunipumzisha mashine ilikuwa sahihi kabisa. Ambacho hakikuwa sahihi ni kwamba hakuna aliyeniambia ni mpaka lini, na ukiwa ukaguzi hupati ile posho ya kuzidisha idadi. Na kantini nikakuta kikombe changu kimefungwa utepe mwekundu kwenye mkono ili mtu mwingine asikitumie kwa bahati mbaya. Nilikunywa chai kwenye kile kikombe wiki nzima. Halafu rafiki yangu wa laini ya kola akakichukua, akabandua utepe mbele ya watu, akanywea yeye, hakusema neno, toka siku hiyo haukurudishwa tena.

Kifafa hakiambukizi, Mheshimiwa najua unajua, ila nasema kwasababu barua hii watasoma na wengine. Huku kwetu kinaletwa na malaria ya kichwani, kuchelewa kuzaliwa mtoto akakosa hewa, mnyoo wa tegu la nguruwe ukifika kwenye ubongo kama inavyoonekana sana Mbulu na nyanda za juu kusini, kugonga kichwa kwenye bodaboda. Mahenge kule Ulanga kifafa kimekuwa kingi miaka nenda rudi na wataalamu wanakihusisha na usubi, ugonjwa unaoletwa na inzi weusi wa mtoni. Na ni hapohapo Mahenge daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, akawakuta watu waliofichwa, wenye makovu ya kuungua, wanaokula peke yao, akawaanzishia fenobabito. Yani nchi hii imeanza kutibu kifafa kijijini kabla wazazi wangu hawajazaliwa, kwanini leo mjini kiwandani bado tunafungiana utepe kwenye vikombe? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo iliandika kifafa sehemu moja na wazimu kwenye sababu za kubatilisha ndoa, hiyo sio wizara yako najua, ila huyo afisa rasilimali watu aliyeogopa kunirudisha kazini hakuokota woga wake barabarani.

Sasa ninachoomba. Kwenye zile kanuni za utendaji bora iongezwe sehemu ya kumrudisha mfanyakazi kazini baada ya kuanguka. Iseme kwamba mfanyakazi akileta maandishi ya daktari yanayoeleza anaweza kufanya kazi gani na gani aepuke, mwajiri amjibu kwa maandishi ndani ya siku saba, ama anamrudisha, ama anamrekebishia kazi na kusema mpaka lini, ama anakataa na kutoa sababu. Akikaa kimya, mfanyakazi ahesabiwe yuko kazini na mshahara wake uendelee. Hilo tu lingemaliza kabisa habari ya tutakupigia, kwasababu jibu la maandishi unaweza kulipeleka CMA lakini tutakupigia huwezi kuipeleka popote.

Sisemi mtu anayeanguka kila wiki apandishwe kwenye ngazi ndefu au apewe foklifti, hapana, yule kaka wa foklifti mwenyewe anakubali kwamba ile kazi basi tena, anachouliza ni kwanini hakupewa kazi ya stoo kuhesabu mzigo wakati anaijua bandari yote kwa kichwa. Kuna kazi za kuepuka, urefu, maji ya kina, mashine za kukata, kuendesha, na shifti za usiku ambazo kwa wengi wetu ndo sumu kuliko zote, zilizobaki ni nyingi mno. Na mtu aliyeanguka mara moja tu anaweza asiwe hata na kifafa, inaweza kuwa sukari imeshuka au homa, daktari ndo wa kusema. Supavaiza aliyetazama kwa mbali huku ameziba pua hawezi kujua.

OSHA, wale wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, wanakuja viwandani kukagua na kufundisha huduma ya kwanza, naomba kumhudumia mtu aliyeanguka kifafa kuwe lazima kwenye hayo mafunzo na kwenye bango la ukutani kwa Kiswahili chenye picha. Siku ya kliniki isikatwe kwenye likizo ya mwaka. Na zile fomu za kuomba kazi zinazouliza una kifafa ndio au hapana kabla hata mtu hajafanyiwa usaili zipigwe marufuku, maana ukijibu ndio huitwi, ukijibu hapana ukaja kuanguka unafukuzwa kwa udanganyifu, ndo maana kuna watu wanahamishia dawa kwenye kopo la vitamini, wanameza chooni, na wakianguka hakuna hata mmoja pembeni anayejua afanye nini.

Kuna sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2010 inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na asilimia 3 wenye ulemavu, na sisi tukiitaja tunaambiwa nyie sio walemavu mna mikono na miguu, alafu tukiomba kazi kama wazima tunaambiwa nyie ni wagonjwa. Naomba ofisi yako itamke tuko wapi. Mwaka 2022 nchi za dunia zilipitisha mpango wa kifafa na magonjwa mengine ya mishipa ya fahamu mpaka mwaka 2031, na moja ya malengo ni kwamba nchi 80 katika kila 100 ziwe zimetunga au kurekebisha sheria za kulinda haki za wenye kifafa. Muda bado upo, na sisi tuwe miongoni mwa hizo 80.

Mwisho Mheshimiwa, maafisa kazi wako wakija kiwandani huwa wanaomba mikataba na risiti za michango. Waambie waombe na kitu kingine, majina ya wote walioambiwa wakapumzike na hawajaitwa, wakiambiwa hakuna wateremke kwenye laini wawaulize wafanyakazi, watatajiwa kwa majina na mitaa wanayokaa.

Ni mimi,
Fundi cherehani, Temeke