Kikao cha barabara ni Alhamisi, tusikose

Assalamu alaikum, ndugu na dada zangu wa soko la Markiti.

Kamati ya ushauri ya wananchi kuhusu barabara yetu inakaa Alhamisi, saa nne asubuhi. Tusiende kama wageni walioalikwa chai. Kifungu cha 10 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataja ushirikishaji wa wananchi kati ya maadili ya taifa, kwa hivyo kuulizwa ni haki yetu.

Mchoro wa ujenzi wa barabara hiyo nimeutazama mara mbili. Njia ya waenda kwa miguu ipo, alhamdulillahi, lakini hamna mahali pa mkokoteni kushusha mzigo. Jana alfajiri nilimwona hamali na magunia ya viazi, pikipiki zimejaa kandoni, ikambidi aingie katikati ya magari huku matatu ikimpigia honi mgongoni. Injinia hawezi kuliona hilo kwenye karatasi, sharti tumwambie sisi.

Wenye picha za maji yaliyosimama masika yaliyopita, nitumieni leo. Mama zetu wa mboga, nawaomba mzungumze wa kwanza, maana ninyi ndio mnaoshinda pale kutwa. Na tuulize wazi: wakati wa ujenzi, meza zitahamia wapi?