Safari ya York Jumamosi

Assalaam aleykum na habari zenu, ndugu zangu.

Tukutane stesheni ya Leeds saa 3 kamili asubuhi.

1. Tutaanza na makumbusho ya reli. Kuingia ni bure, na humo imo Mallard, injini ya mvuke iliyokimbia kilomita 203 kwa saa mwaka 1938, rekodi ya dunia. Watoto lazima waione!
2. Kisha tutatembea juu ya ukuta wa kale wa mji. Vaeni viatu vya raha na makoti ya mvua.
3. Mchango ni pauni 20 kwa mtu mzima, nauli na chakula. Mwisho Alhamisi usiku.

Nani ataleta chupa ya chai?

Tafadhali andika "Nipo" na idadi ya watoto kabla ya kesho jioni, nikate tiketi.