Barua ya wazi: Mguu mmoja wa baba yangu umebaki

Mheshimiwa,

Shikamoo. Nakuandikia kwa heshima, ingawa moyo wangu haujatulia. Jumanne iliyopita baba yangu amekatwa mguu wa kulia, chini ya goti. Tumeuzika nyuma ya migomba.

Naamini unakumbuka mkutano ule wa Tukuyu. Mvua ilitunyeshea na hatukuondoka. Ulisema mwaka hautaisha kabla vifaa vya kuzibua mishipa ya damu havijafika Nyanda za Juu Kusini, na kwamba mgonjwa wa Rungwe hatapanda tena basi kwenda Dar es Salaam kwa shida hiyo. Wazee wakakuitikia "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Baba alikuwa mbele, kwenye kiti cha plastiki, kidole gumba kimefungwa bandeji. Tangu siku ile tumevuna viazi misimu miwili.

Baba ana kisukari, mwaka wa 17 huu. Kiatu kilimchubua, kidonda kikagoma kupona. Usiku alikuwa akining'iniza mguu nje ya kitanda ndipo maumivu yapungue. Tulizunguka vituo vitatu, kote tukapewa dawa ya kupaka na kuambiwa turudi baada ya wiki mbili. Hakuna hata mmoja aliyeshika mguu ule kusikiliza kama damu inapiga. Mheshimiwa, kushika tu!

Tulipopata rufaa, tulisafiri zaidi ya kilomita 800 hadi Dar es Salaam. Tangu Uyole mguu wake ulikuwa juu ya mapaja yangu. Kitonga tukashuka, Mikumi tukapita, na mzee anauma kitambaa ili abiria wasimsikie. Ng'ombe wawili walikwishauzwa. Parachichi niliziuza zikiwa bado mtini.

Huko daktari kijana alitueleza bila haraka. Kwa mwenye kisukari cha muda mrefu, chokaa hujijenga kwenye kuta za ateri, mishipa inayotoa damu moyoni, mpaka mshipa unakuwa mgumu kama bomba. Waya mwembamba waliouingiza mshipani ulipita, lakini puto la kawaida lilishindwa kuupanua mshipa. Akageuza fomu ya rufaa akatuchorea kifaa kingine: katheta, yaani mrija mwembamba wa kuingizwa mshipani, yenye puto lililojazwa maji, na ndani yake cheche ndogo za umeme. Kila cheche huzaa kipovu, kipovu huzaa wimbi la mshtuko, na wimbi hilo huipasua chokaa bila kuichana nyama laini ya mshipa. Kisha puto hupanuliwa taratibu na damu hupata njia. Ni ujuzi uleule wa kuvunja mawe ya figo, ulioanza kwa wagonjwa huko Ujerumani mwaka 1980, ila sasa unaingia ndani ya mshipa wenyewe.

Wala si jambo la majaribio. Marekani waliruhusu kifaa hicho kwa mishipa ya miguu mwaka 2016, na kwa mishipa ya moyo Februari 2021. Kampuni iliyokitengeneza, Shockwave Medical, ilinunuliwa na Johnson & Johnson mwaka 2024 kwa takriban dola bilioni 13.

Siku ile hakikuwepo. Tukaambiwa tusubiri, tukarudi nyumbani kusubiri, na kidole kikawa cheusi, kisha unyayo.

Daktari hakutuahidi kwamba mguu ungepona. Alisema ungekuwa na nafasi. Nafasi hiyo ndiyo ninayokudai.

Nadhani kinachokwamisha ni bei, maana katheta moja ni ya mgonjwa mmoja, ikimaliza kazi inatupwa. Au pengine hakuna aliyeandika hata karatasi ya kuagiza. Lakini ulipoahidi pale Tukuyu, bei ilikuwepo.

Naomba vifaa hivyo viletwe huku kwetu. Naomba madaktari wa huku wafundishwe kuvitumia. Naomba bima ivilipie, kwa sababu ng'ombe wa kuuza sina tena. Naomba kila kituo cha afya kimpime mwenye kisukari damu ya miguuni kabla ya kumpa dawa ya kupaka. Kama hayo yote ni mazito kwa sasa, basi nipe tarehe. Tarehe moja tu, Mheshimiwa, nimpelekee mzee.

Jana usiku nilimkuta amening'iniza mguu wa kushoto nje ya kitanda.

Ni mimi, mkulima wa Rungwe.