Mume wangu asema ninatibu meno yangu katika kinywa cha mtoto

Kwako Shangazi,

Nakuandikia usiku kwa kuwa usingizi umenikataa tangu Jumapili, siku ambayo mume wangu alitamka mbele ya mama yake na wifi yangu kwamba ninataka kuyatibu meno yangu katika kinywa cha mtoto. Angeniambia hayo tukiwa wawili chumbani, huenda ningeyameza. Aliyasema mezani, wageni wakisikia, na wifi akacheka.

Binti yetu ana miaka 8, yuko gredi ya tatu. Anapofunga kinywa, magego ya juu ya upande wa kulia huangukia ndani ya yale ya chini badala ya kuyafunika, na taya la chini husogea pembeni ili apate kutafuna. Si mimi niliyeligundua jambo hili. Ni daktari wa meno aliyewakagua watoto shuleni kwao ndiye aliyeandika kwamba apelekwe kwa mtaalamu wa kupanga meno. Kwa hivyo sielewi meno yangu yaliingiaje katika mazungumzo hayo.

Tulianza na zahanati ya karibu na nyumbani, tukaambiwa tungoje hadi meno yote ya utotoni yang'oke, yaani afikishe miaka 12 hivi. Mume wangu alilishika neno hilo na hajaliachilia. Mimi nilimpeleka mtoto kwa mtaalamu huko Upper Hill, naye alinieleza kwa subira kwamba waya kamili za meno yote kwa kweli zinaweza kungoja hadi miaka 11 au 13, wakati meno mengi ya ukubwani yamekwisha kuota na mwili ungali unakua. Lisilofaa kungoja ni lile taya la juu lililo jembamba. Alisema kaakaa ni mifupa miwili iliyokutana katikati, na kwamba utotoni kiungo hicho hakijakaza, hivyo kifaa kidogo kinachozungushwa kwa ufunguo nyumbani, polepole, huweza kuipanua. Baada ya balehe kiungo hukaza, na kazi ya ufunguo huenda ikawa kazi ya upasuaji. Tena mtoto anayetafuna kwa kusogeza taya kwa miaka mingi anaweza kukua nalo likiwa limepinda. Je, mama anayesikia hayo kutoka kinywani mwa daktari anyamaze kwa sababu naye ana meno ya nje?

Nilimweleza mume wangu kwamba hata Chama cha Madaktari wa Kupanga Meno cha Marekani hushauri mtoto akaguliwe asipite miaka 7, na kwamba kukaguliwa si kuwekewa waya. Watoto wengi huangaliwa tu na kurudishwa nyumbani hadi wakubwe. Alijibu kwamba sisi hatuishi Marekani. Mama mkwe akaongeza kwamba ni mimi niliyemwacha mtoto anyonye kidole gumba. Kidole alikiacha kabla ya kuanza shule, na daktari alisema hawezi kujua kama chanzo ni kidole au ni maumbile ya ukoo. Ila lile la mama mkwe kwamba mwanya wa mbele utajifunga wenyewe nalikubali, kwani daktari naye alisema mara nyingi hujifunga chonge zinapoota. Na hata usipojifunga, mwanya kwetu ni urembo, sijawahi kuulalamikia. Ninacholalamikia ni taya.

Fedha ni zangu. Bima ya kazini kwa mume wangu ilikataa kulipa, ikisema kupanga meno ni mambo ya sura, nami nimepanga kutumia zamu yangu ya kupokea fedha za chama chetu cha kuchangiana, ambayo haigusi kodi ya nyumba wala karo ya kaka wa binti yetu anayejiunga na sekondari. Sijaomba hata shilingi moja. Bado naambiwa ninatibu meno yangu katika kinywa cha mtoto.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku ile ya Upper Hill, mtoto alipotoka kwenye kiti, nilimwuliza daktari kama mtu wa miaka 37 bado anaweza kupangwa meno. Nilikuwa nauliza tu. Alisema umri peke yake si kizuizi, kwa kuwa meno husogea katika umri wowote mradi fizi na mfupa ni vizima; fizi zangu hutoka damu, kwa hivyo zingetibiwa kwanza, kwani kusogeza meno yenye fizi mbovu huweza kuyalegeza. Alisema pia kwamba kwa mtu mzima taya halikui tena, ni meno tu yanayosogezwa, na kwamba matibabu huweza kuchukua miaka miwili au zaidi, kisha mtu huvaa kifaa cha kuyashikilia kwa muda mrefu ili yasirudi yalikotoka.

Mimi sitaki waya. Nimelea watoto na kufanya kazi nikifunika mdomo kwa kiganja kila ninapocheka, na nimezoea. Lakini kifaa cha mtoto hakitamaliza fedha zote za zamu yangu, na kinachobaki kinatosha kuanza. Je, Shangazi, nikiwekewa waya baada ya mtoto, sitakuwa nimempa mume wangu ushahidi wa maneno yale aliyoyasema mezani? Na nisipowekewa, nitakuwa nimeacha kwa sababu sitaki kweli, au kwa sababu wifi alicheka?

Sipendi kwenda kinyume na mume wangu. Ni baba mwema na watoto wake hawajawahi kulala njaa. Hata hivyo miadi nimekwisha kuipanga wiki ijayo, kabla shule hazijafunguliwa, na daktari atataka malipo ya kwanza siku hiyo. Naomba uniambie kama ni haki nimpeleke mtoto hata baba yake asiporidhia, au nimkabidhi karatasi za daktari azisome mwenyewe kwanza, ingawa tangu Jumapili nikitaja neno meno yeye huondoka chumbani. Kuhusu meno yangu, kama unaona si jambo la kujibiwa gazetini, liache. Ila ukilijibu, nitashukuru.

Tafadhali usilitaje jina langu.

Mama wa Wawili,
Donholm, Nairobi