Watengeneza filamu wasinyang'anywe haki zote

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Mwaka 2009 mdogo wangu aliuza kiwanja, akatengeneza filamu hapa Tanga. Bibi yetu aliigiza humo kama mganga. Sasa bibi ametangulia mbele ya haki, na vitukuu wanataka wamwone na kuisikia sauti yake, lakini mdogo wangu hana nakala. Masta, yaani nakala mama ya filamu, aliipeleka kwa msambazaji Kariakoo, akalipwa mara moja na kusaini karatasi ya ukurasa mmoja kwamba haki zote zimehama. Filamu imeshaonyeshwa kwenye televisheni, naye hakupata hata shilingi. Tulipoomba nakala ya familia, tuliambiwa masta haijulikani ilipo.

Wakati ule nilikuwa na maktaba ya kukodisha CD Ngamiani, hivyo biashara ile naijua. Mzigo mpya ukishuka kwenye basi la Dar, watu walikuwa wananisubiri mlangoni. Hadithi moja ilikatwa mara mbili, Part 1 na Part 2, ili ziuzwe CD mbili. Wasambazaji wachache ndio walioamua filamu ipi itoke na sura ya nani ikae kwenye kava. Sisemi hawakufanya kazi. Walifikisha filamu zetu mikoani na hata ng'ambo ya mipaka, na wezi wa kudurufu waliwatesa wao pia. Stempu za kodi za TRA zilizoanza kubandikwa kwenye CD mwaka 2013 hazikuumaliza wizi huo. Lakini kwa bei ya CD walichukua kila kitu: televisheni, intaneti, na hata njia ambazo siku ile hakuna aliyezifikiria.

Ndiyo maana nafuatilia kwa matumaini kampuni huru zinazotafuta njia yao zenyewe. Kijiweni Productions ya Amil Shivji iliifikisha Vuta N'Kuvute kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021. Binti, ya Black Unicorn Studios, ikawa filamu ya kwanza ya Tanzania kuingia Netflix. Hao wanajua mkataba ni nini. Kijana wa Korogwe mwenye kamera ya kuazima na deni la mafuta ya jenereta hajui, na bado anapewa karatasi ileile ya ukurasa mmoja.

Bodi ya Filamu na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, watoe mkataba wa mfano, wa Kiswahili chepesi, ambao kila haki inasimama peke yake: CD mbali, televisheni mbali, mtandaoni mbali. Kila haki iwe na miaka yake, tuseme mitano, kisha irudi kwa mwenyewe. Malipo yawe kwa asilimia, na msambazaji aonyeshe hesabu. Mtengenezaji abaki na nakala ya masta, hilo lisijadiliwe. Na wenye mikataba ya zamani wapatiwe mahali pa kuipeleka ipitiwe upya bila kulipia wakili.

Nakala zangu niliziuza zote nilipofunga maktaba, na hilo linaniuma hadi leo. Kava la filamu ya mdogo wangu lilikuwa na bibi kizee aliyeshika usinga, nyuma yake mbuyu. Aliye na CD hiyo, hata iwe na mikwaruzo, tafadhali awasiliane na gazeti hili. Tutaidurufu siku hiyohiyo na kumrudishia.

Mwenye maktaba wa zamani,
Ngamiani, Tanga