Salamu za Pentekoste kwa Washarika

Wapendwa washarika, Bwana Yesu asifiwe!

Nawasalimu nyote, mlio nyumbani na mlio safarini, wa ibada ya kwanza na wa ibada ya pili. Siku 50 tangu Pasaka zimetimia, masika yanaaga, na vitambaa vyekundu vya madhabahu mama zetu wameshavifua na kuvipiga pasi. Heri ya Pentekoste!

Mwaka huu Matendo ya Mitume yamenisemesha tofauti. Zamani nikifika sura ya pili nilipenda kutua kwenye hesabu: waumini walikuwa kama 120, na siku ile moja wakaongezeka watu wapatao 3,000. Mchungaji gani asiyeitamani siku kama hiyo? Sasa kinachonikaa moyoni ni sura ya sita. Kanisa lile lile, moto wa Roho haujapoa, mitume wenyewe wapo, na bado wajane wa Wayahudi wa Kiyunani wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Sisomi popote kwamba kuna aliyewachukia. Watu walikuwa wameongezeka.

Nasi tumeongezeka. Mnaokumbuka tulikotoka mnajua: mtaa mdogo, kanisa la mabati, mvua ikinyesha mahubiri hayasikiki. Familia zikahamia huku kutoka Buguruni na Mbagala zikifuata viwanja, tukawa usharika, tukaongeza ibada. Tulimshukuru Mungu, na ilistahili. Lakini lipo jambo ambalo lazima niliseme.

Bibi yetu mmoja, mjane, aliyekaa benchi la tatu dirishani tangu enzi za mabati, aliugua miguu akalala ndani wiki sita. Wa ibada ya kwanza walidhani amehamia ya pili. Wa ya pili walijua ni mtu wa ya kwanza. Mimi mchungaji wake sikudhani lolote, maana sikuwa nimeona kama hayupo. Aliyeona ni daftari la ahadi: bahasha zake hazikurudi. Tukamtumia ujumbe wa simu kumkumbusha ahadi ya jengo. Nilipofika kwake alichomoa bahasha sita chini ya mto, kila moja na elfu moja yake ndani, akaniomba radhi kwa kuchelewesha. Nilikaa pale kwenye kigoda nikakosa neno.

Mitume hawakujitetea, wala hawakuwakemea walionung'unika. Waliita mkutano, watu wakachagua saba. Yaangalieni majina: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timona, Parmena, Nikolao. Yote ya Kiyunani! Kazi ilikwenda kwa watu wa upande ule ule uliolalamika. Ndiyo sababu kwenye uchaguzi wa wazee niliwaomba msitazame wenye nyumba peke yao. Baraza letu zima lilikuwa la wenye viwanja, na washarika wengi ni wapangaji. Leo jumuiya mojawapo inaongozwa na mama mpangaji anayepika vitumbua alfajiri. Yeye anajua mlango upi haujafunguliwa tangu juzi, hata kabla mimi sijaamka.

Kuachia haikuwa rahisi kwangu. Nilizoea kila mgonjwa aitiwe mchungaji, na kwa kweli nilipenda kuitwa. Yethro alipomwona mkwewe Musa ameketi tangu asubuhi hadi jioni akiamua mashauri ya watu, alimwonya kwamba atadhoofika yeye pamoja na watu wake. Hayo maneno ya mwisho ndiyo niliyokuwa nikiyaruka. Nilihesabu uchovu wangu, sikuhesabu wa waliokuwa wakinisubiri.

Basi nawasihi, msiache jumuiya. Wale 3,000 walimega mkate nyumba kwa nyumba, na nyumbani mtu akikosekana nafasi yake inaonekana.

Jumapili hii tutakuwa na ibada moja tu, saa tatu asubuhi, nje chini ya maturubai. Kila jumuiya ije na chakula, na kila mmoja akae karibu na mtu asiyemjua jina, amuulize. Vijana, naomba mtoe nje lile benchi la tatu mliweke mbele kivulini. Bibi anakuja na bajaji.

Mchungaji wenu